Siku Moja Mvita: Kuitazama Ngome na Mambo ya Kale

Mazungumzo ya leo ni juu ya safari ya siku moja tuliyoifanya kwenda Mombasa, mji ambao wenyewe wauita Mvita, ili kutazama mambo ya kale. Nimeona yafaa niwaeleze tuliyoyaona, na zaidi ya hayo, niwaeleze jinsi ya kutazama, maana watu wengi hufika mahali pa kale, wakazunguka saa nzima, wakarudi kwao wakisema, "Tumeona mawe." Mawe yana habari nyingi, lakini hayasemi ila kwa mtu ajuaye kuyauliza.

Tulikuwa wanafunzi kumi na wawili, mimi mwalimu wao, na mzee mmoja wa kijijini kwetu, upande wa Kilifi. Mzee huyu hakupenda kwenda. Alisema nauli ni fedha, na fedha hupatikana kwa jasho. Walakini alikuwa na sababu yake ya kuja, nayo nitaitaja. Katika shamba lake mna magofu madogo: kuta mbili zilizobomoka, na kaburi moja lenye nguzo. Mtu mmoja mwenye tanuu ya chokaa alikuwa amemwendea akitaka kuyanunua mawe yale, na fedha zile zingetosha kununua mabati ya nyumba yake. Nilimwomba asikate shauri kwanza mpaka aende Mombasa na kurudi. Akanijibu, "Haya, Mwalimu, nitakwenda. Lakini mabati ni mabati."

Kabla ya Kuondoka

Jioni ya kuamkia safari niliwaambia wanafunzi kila mmoja achukue daftari na kalamu, na aandike maswali matatu tu: Kitu hiki kilifanywa na nani? Kilifanywa kwa kazi gani? Nasi tumejuaje? Swali la tatu ndilo kubwa. Mtu akikuambia ya kuwa ukuta huu una umri wa miaka mia nne, usikubali wala usikatae, bali umwulize amejuaje. Mwenye elimu ya kweli hatakasirika kwa kuulizwa hivyo, atafurahi.

Tuliondoka alfajiri, tukafika kisiwani jua lingali changa. Nawashauri wote mtakaokwenda mfanye vivyo hivyo, kwa maana ndani ya ngome vivuli ni vichache, na adhuhuri jua huwaka juu ya mawe mpaka mtu hatamani kutazama kitu.

Ngome na Umbo Lake

Ngome ya Mombasa, ambayo watu wa mjini huiita Ngomeni, na wageni huiita Fort Jesus, yasimama juu ya mwamba wa matumbawe kando ya mlango wa bahari uingiao bandari ya kale. Ilijengwa na Wareno kati ya mwaka wa 1593 na 1596. Aliyeichora ni fundi mkuu wa majengo jina lake Giovanni Battista Cairati, mtu wa Italia aliyekuwa akiwatumikia Wareno katika nchi zao za mashariki.

Kwa nini Wareno walijenga ngome kubwa hivi mbali na kwao? Vasco da Gama alipita Mombasa mwaka wa 1498 akielekea Bara Hindi. Baada yake zikafuata merikebu nyingine, na mwaka wa 1505 Wareno waliushambulia mji wakauteka nyara na kuuchoma moto. Tangu hapo Mombasa haikuwapenda, wala hapana ajabu. Baadaye, karibu na mwisho wa karne ile, Waturuki walifika mara mbili pwani hii wakiongozwa na Mir Ali Bey, na watu wa Mombasa wakawakaribisha. Wareno wakaona ya kuwa wasipokaa Mombasa wenyewe, njia yao ya Bara Hindi haitakuwa salama. Ndipo wakajenga.

Sasa tazameni umbo lake. Ngome hii si duara wala si mraba mtupu. Kila pembe ina buruji kubwa iliyochongoka mfano wa kichwa cha mshale. Mwanafunzi mmoja aliuliza, "Mwalimu, kwa nini hawakujenga pembe za kawaida? Kazi ingekuwa ndogo." Swali zuri sana. Fikirini mmesimama juu ya ukuta mrefu ulionyoka, na adui amekwisha kufika chini yake kabisa. Hamwezi kumwona msipoinama nje, nanyi mkiinama mtapigwa risasi. Basi mahali pale chini ya ukuta ni kimbilio la adui. Aweza kuchimba, au kuweka baruti, au kusimamisha ngazi. Lakini buruji ikitokeza mbele ya ukuta, askari walio katika buruji hii huona upande wote wa ukuta mpaka kwenye buruji ya pili, na walio katika buruji ya pili huwaangalia wenzao. Hapabaki mahali pa kujificha. Umbo hili lilibuniwa huko Italia baada ya mizinga kuenea, nalo ndilo lililoletwa mpaka pwani yetu. Tena ukiichora ngome katika karatasi kama aionavyo ndege, utaona yafanana na mtu aliyelala chali. Maana mafundi wa zama zile walifikiri ya kuwa vipimo vya mwili wa mwanadamu ndivyo vipimo vizuri kuliko vyote.

Mwaka wa 2011 shirika la UNESCO liliiandika ngome hii katika orodha ya urithi wa dunia nzima, kwa kuwa ni mfano mwema wa ngome za Wareno za karne ya 16 zilizosalia mpaka leo.

Yaliyopita Ndani Yake

Tuliketi katika kivuli cha ukuta, nikawasimulia habari za watu waliopigania mahali hapa. Habari ni nyingi, nitazitaja mbili.

Ya kwanza ni ya Yusuf bin Hassan. Baba yake alikuwa Sultani wa Mombasa, akagombana na kapiteni Mreno, akauawa mwaka wa 1614. Mtoto Yusuf alipelekwa Goa, akalelewa na mapadre, akabatizwa na kuitwa Dom Jerónimo Chingulia. Alipokuwa mtu mzima alirudishwa Mombasa kuwa mfalme chini ya Wareno. Wareno walidhani wamepata mtu wao. Lakini mwezi wa Agosti 1631 aliingia ngomeni na watu wake, akamwua kapiteni, akaishika ngome, na Wareno wengi wa mjini wakauawa, hata wanawake na watoto. Wareno wa Goa wakaleta merikebu kuirudisha ngome, wakashindwa. Lakini mwaka wa 1632 Yusuf mwenyewe aliondoka kwa chombo, na Wareno wakairudia.

Wareno waliiandika habari hii kama hadithi ya uhaini na ukatili. Watu waliouawa bila hatia hatuna budi kuwahurumia. Lakini mwenye haki atauliza pia: Na yule baba aliyeuawa mwaka wa 1614, je, nani alimlipia kisasi chake kwa sheria? Hapo ndipo mwanafunzi ajifunzapo kusoma habari za kale: kila iandikwapo habari, mtazame ni nani aliyeshika kalamu.

Ya pili ni ya mazingiwa makubwa. Tarehe 13 Machi 1696 majeshi ya Imamu wa Oman yalifika Mombasa. Wareno na watu wa pwani waliokuwa upande wao wakajifungia ngomeni. Chakula kikapungua. Maji ya kunywa yalikuwa ya mvua, nayo yaliwekwa katika birika. Kisha ukaja ugonjwa, nao uliua watu wengi kuliko risasi. Ikafika wakati Wareno wenye cheo wote walikuwa wamekufa, na aliyeshika ulinzi wa ngome alikuwa Bwana Daud wa Faza, mtu wa pwani hii hii. Merikebu za msaada zilikuja, moja yao ikiitwa Santo António de Tanná, lakini iliharibika ikazama mwezi wa Oktoba 1697 mbele ya ngome. Mwisho, tarehe 13 Desemba 1698, Waarabu wa Oman wakapanda ukuta na kuingia. Waliobaki hai ndani walikuwa wachache mno. Mazingiwa hayo yalidumu miaka 2 na miezi 9.

Siku chache baadaye merikebu nyingine za Wareno zikatokea baharini, zimekuja kusaidia. Zikaona bendera si yao tena, zikageuka. Mzee wetu alikuwa akisikiliza kwa makini. Akasema, "Kumbe walichelewa siku chache tu! Watu wamekufa njaa miaka miwili na zaidi, na msaada uko njiani." Kisha akanyamaza kitambo.

Baada ya hapo Wareno walirudi mara moja, mwaka wa 1728, lakini wenyeji waliwatoa mwaka wa 1729 wasirudi tena. Wakaja Wamazrui kuwa magavana, nao walitawala Mombasa hata mwaka wa 1837, aliposhinda Sayyid Said wa Oman na Unguja. Katika siku za Wamazrui ndipo alipokuwako Muyaka bin Haji, mshairi mkubwa wa Mvita, aliyefariki mwaka wa 1840. Tena Waingereza waliposhika utawala mwaka wa 1895 waliifanya ngome kuwa jela, nayo ilikuwa jela mpaka mwaka wa 1958. Mwaka wa 1960 ilifunguliwa kuwa nyumba ya makumbusho.

Hapa liko jambo la lugha la kuwafurahisha wanafunzi. Neno letu "gereza" latokana na neno la Kireno lenye maana ya kanisa. Wareno waliweka kanisa ndani ya ngome, na baadaye ngome zikawa mahali pa kufungia watu. Basi neno la kanisa likageuka kuwa neno la kifungo. Wareno wenyewe wamekwenda zao, lakini kila siku twatumia maneno yao: meza, bendera, leso, karata, mvinyo na parafujo. Ngome ilijengwa kwa mawe nayo imetekwa mara nyingi. Maneno hayakutekwa na mtu.

Vitu vya Katika Makumbusho

Katika nyumba ya makumbusho mna vitu vilivyotolewa katika merikebu ile iliyozama. Wapiga mbizi wenye elimu ya mambo ya kale waliichimbua kati ya mwaka wa 1977 na 1980, wakapima kila kipande kabla ya kukiondoa. Mna mitungi, vyombo vya kulia, na vitu vingine vya mabaharia. Wanafunzi walistaajabu kuona kitu kilichokaa chini ya bahari karibu miaka 280 kikiwa bado kina umbo lake.

Mna pia michoro ya ukutani iliyochorwa na askari wa Kireno. Wamechora merikebu, watu na samaki. Michoro yenyewe si ya mafundi. Ni kama ichorwavyo na mtu aliyechoka kungoja. Kijana mmoja wetu alisema, "Huyu alikuwa akitamani kwenda kwao." Huenda amesema kweli. Kisha kuna nyumba ya Waomani juu ya buruji moja, ambako mgeni huonyeshwa mapambo na vitu vya Waarabu wa Oman, tena hupata kuiona bahari yote.

Lakini mahali tulipokaa zaidi ni penye vyombo vya udongo na kauri vilivyochimbuliwa ngomeni na katika miji ya kale ya pwani, kama Gedi. Vimo vyombo vya China vyenye rangi ya buluu na nyeupe, na vya Uajemi, na vya Bara Hindi. Kando yake ni vyungu vya udongo vilivyofinyangwa hapa hapa pwani. Wanafunzi walikimbilia vile vya China kwa kuwa vinang'aa. Mzee wetu alisimama mbele ya vyungu vya hapa. Akamwita kijana aliyekuwa akituongoza, akamwambia, "Mwanangu, chungu hiki nakijua. Bibi yangu alikuwa nacho mfano wake. Alama hizi za shingoni hukatwa kwa ukucha au kwa kigaga cha kombe kabla udongo haujakauka. Na hiki chenye mdomo mpana ni cha kupikia mboga, si cha maji." Yule kijana akatoa kitabu chake, akaandika maneno ya mzee. Wanafunzi wakaacha vyombo vya China, wakamzunguka babu yao. Hapo ndipo nilipoona ya kuwa nauli ile haikupotea.

Jinsi Ardhi Inavyosoma

Sasa nitajibu swali la tatu: tumejuaje? Watu wenye elimu ya kuchimbua mambo ya kale, kama James Kirkman aliyechimba Gedi na ngomeni katikati ya karne ya 20, hawachimbi kama mtu atafutaye hazina. Huondoa udongo tabaka kwa tabaka, polepole. Maana ardhi ni kama kitabu kilicholazwa: ukurasa ulioandikwa kwanza uko chini, na ulioandikwa mwisho uko juu.

Tuseme mmevunja sakafu ya saruji ambayo haijapata kuguswa, mkakuta chini yake senti iliyopigwa mwaka wa 1967. Mtajua mara moja ya kuwa sakafu ile haikuwekwa kabla ya mwaka huo. Aweza mtu kuapa ya kuwa ni sakafu ya babu wa babu yake, senti itamkanusha. Basi vyombo vya kauri vya China hufanya kazi kama senti hiyo. Mafundi wa China walibadili mitindo yao mara kwa mara, na wenye elimu wajua mtindo huu ni wa miaka gani. Kibakuli kikionekana chini ya sakafu ya msikiti uliobomoka, sakafu ile haiwezi kuwa ya kale kuliko kibakuli. Kwa njia hii magofu yasiyo na maandishi hupewa umri wake.

Lakini angalieni sana. Ushahidi huu wote wategemea neno moja: kibakuli kilikuwa mahali gani. Kikitolewa kikapelekwa sokoni, ni kibakuli tu; kimenyamaza. Hata akikinunua mtu mwenye elimu kuliko wote, hawezi tena kukiuliza kilikuwa chini ya sakafu au juu yake. Ndiyo sababu mtu anayechimbachimba magofu usiku akitafuta mali hafanyi wizi wa kitu tu, bali huchana kurasa za kitabu ambacho hakina nakala ya pili.

Mji wa Kale

Baada ya kula tulipita katika mji wa kale kwa miguu. Njia yake kubwa huitwa Ndia Kuu, maana katika Kimvita njia ni ndia. Mjini humo zimo nyumba zenye milango ya kuchongwa na roshani za mbao. Tuliona Msikiti wa Mandhry, ambao husemwa ulijengwa mwaka wa 1570, yaani kabla ya ngome. Mnara wake ni mnene chini na mwembamba juu, umepakwa chokaa nyeupe. Kumbukeni ya kuwa huu si gofu. Watu husali humo kila siku. Basi mgeni na aombe ruhusa, avue viatu, apunguze sauti, tena asipige picha za watu bila idhini yao.

Karibu na maji pana nyumba na ngazi ziitwazo kwa jina la Leven. Leven ilikuwa manowari ya Waingereza, na nahodha wake Owen alifika Mombasa mwaka wa 1824. Wamazrui, wakimwogopa Sayyid Said, wakaomba himaya ya Uingereza, naye akakubali bila kuagizwa na wakubwa wake. Himaya hiyo ilidumu mpaka mwaka wa 1826 tu. Afisa aliyeachwa kuitunza, jina lake Reitz, aliugua akafa mwaka ule ule wa 1824. Na bandari iliyo upande wa magharibi wa kisiwa huitwa Port Reitz mpaka leo.

Kengeleni

Tukapanda gari, tukavuka daraja la Nyali kwenda bara, tukashuka mahali paitwapo Kengeleni. Watu maelfu hupita hapo kila siku, nao hutaja jina hilo bila kufikiri. Jina latokana na kengele ya Frere Town iliyotundikwa hapo kando ya njia.

Mwaka wa 1873 Sir Bartle Frere alitumwa Unguja kumshurutisha Sultani Barghash akomeshe biashara ya watumwa kwa bahari, na mkataba ukatiwa sahihi tarehe 5 Juni mwaka huo. Manowari zilipokamata vyombo vya watumwa, palihitajiwa mahali pa kuwaweka watu waliookolewa. Basi wamisheni wa C.M.S. wakaanzisha kijiji hapa, wakakiita kwa jina la Frere. Waliowasaidia sana ni Waafrika waliokuwa wameokolewa utotoni, wakalelewa na kufundishwa huko Nasik, karibu na Bombay, kisha wakarudi Afrika kuwa walimu na mafundi. Husimuliwa ya kuwa kengele ilipigwa pia kuwaonya watu wakati adui alipoonekana akija kuwanyang'anya uhuru wao tena.

Ngome ina kuta kubwa, na kengele hii ni ndogo. Wanafunzi niliwauliza: Kama mngekuwa na uwezo wa kuhifadhi kimoja tu, mngehifadhi kipi? Wakabishana njia nzima ya kurudi. Wengine walisema ngome, kwa kuwa dunia nzima yaijua. Msichana mmoja akasema kengele, "kwa sababu ngome ilijengwa na wakubwa ili watawale, lakini kengele iliwalinda watu wasio na mtu wa kuwalinda." Sikuwaamulia. Mabishano ya namna hiyo ndiyo faida ya safari.

Jambo la Kukumbuka

Mtu asidhani mambo ya kale yamo mijini tu. Kutoka Lamu mpaka Kilwa na zaidi, pwani yetu imejaa magofu: misikiti, makaburi ya nguzo, visima na kuta. Mengi yamo ndani ya mashamba ya watu wa kawaida. Maadui zake ni watatu. Wa kwanza ni miti, ambayo mizizi yake hupenya katikati ya mawe. Wa pili ni bahari. Hata chini ya ngome ya Mombasa mawimbi yamekuwa yakila mwamba, na katika miaka ya karibuni imekuwa lazima kujenga ukuta wa kuyazuia. Wa tatu ni sisi wenyewe, tuchukuao mawe ya kujengea, au kuyachoma kuwa chokaa.

Sheria ya Kenya ya mwaka wa 2006 juu ya makumbusho na urithi wa taifa yataka mtu agunduaye kitu cha kale atoe habari kwa Makumbusho ya Taifa. Basi ukilima ukakutana na chungu kizima, au fedha za kale, au mawe yaliyopangwa, usikitoe. Weka alama, mwambie mkubwa wa mahali penu au mwalimu, ili habari ifike kwa wenye kazi hiyo. Najua ya kuwa watu wengine huogopa wakisema, "Nikitoa habari nitanyang'anywa shamba." Hofu hii si ya kuchekwa, mwenye shamba ana haki ya kuuliza maswali yake waziwazi na kujibiwa kabla ya kazi kuanza. Lakini mawe yakisha kuwa chokaa, hapana swali tena wala jibu.

Sasa yule mzee. Tulipokaribia nyumbani usiku, nilimwuliza habari ya mawe yake. Alisema, "Mwalimu, bado nataka mabati. Mvua haiulizi habari za kale." Akakaa kidogo, kisha akasema, "Lakini wale wa merikebu walichelewa siku chache tu, na kila kitu kikapotea. Nitamwambia mwenye tanuu angoje. Wewe andika barua kwa hao watu wa makumbusho, waje waangalie. Wakichelewa sana, mimi si ngome." Barua niliiandika usiku ule ule, na wanafunzi wote kumi na wawili wakaitia sahihi.

Maswali kwa Wanafunzi

1. Eleza kwa kuchora jinsi buruji mbili zinavyolinda ukuta ulio katikati yake.
2. Kwa nini kibakuli kilichouzwa sokoni hakiwezi kutwambia umri wa nyumba kilimotoka?
3. Uliza mzee mmoja wa mahali penu asili ya jina la kijiji, kisima au njia. Andika maneno yake kama alivyosema, na jina la aliyekuambia, na tarehe.

Nawaageni kwa heri. Mkipata nafasi, nendeni mkatazame. Na mkiwa na mzee nyumbani, msimwache nyuma.